Prosesa mpya kwa kompyuta kuukuu ya gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu na magharibi

Maswali haya tunaulizwa mezani hapa Kisumu, na mengine hutumwa kwa simu kutoka Kakamega, Busia, hata Nakuru. Wengi wanaouliza wana kompyuta za ofisi za ex-UK (mitumba ya Uingereza), Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zilizotiwa kadi ya grafiki zikageuzwa za gemu. Wachache wana Ryzen, prosesa za AMD. Majibu yamewalenga hao.

Gemu inakwamakwama. Nitajuaje kama shida ni prosesa?

Pima kabla hujatoa pesa. Pakua MSI Afterburner, ni ya bure, uipange ikuonyeshe mambo matatu pembeni mwa skrini wakati unacheza: asilimia ya kazi ya kadi ya grafiki, asilimia ya kila kiini cha prosesa (core, kitengo kimoja cha kufanyia kazi), na joto. Kadi ikishinda kwenye 95 hadi 99, prosesa haina kosa, kadi ndiyo imefika mwisho wa nguvu zake. Kadi ikizubaa kwenye 50 au 60 huku kiini kimoja au viwili vya prosesa vimegonga 100, basi prosesa ndiyo inayoichelewesha.

Ile asilimia moja ya jumla kwenye Task Manager isikudanganye. Gemu nyingi zina kazi moja nzito isiyogawanyika, nayo hukaa kwenye kiini kimoja. Prosesa ya nyuzi 8 (threads, yaani kazi 8 kwa wakati mmoja) inaweza kusoma 40 kwa jumla, ukadhani imepumzika, kumbe kiini kimoja kimejaa pomoni na gemu nzima inakisubiri.

Jaribio jingine halihitaji asilimia hizo, ila namba ya fremu (picha kwa sekunde) tu. Zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya monita) na kikomo chochote cha fremu, kisha shusha resolusheni kutoka 1080 hadi 720 ucheze mahali palepale. Fremu zikipanda sana, uliyekuwa unamchosha ni kadi. Zikibaki zilezile, prosesa ndiyo inakubana. Chagua mahali pazito: kwenye GTA V endesha katikati ya mji magari yakiwa mengi, usiende jangwani ambako hata prosesa dhaifu itaonekana shujaa. Na usisahau hiyo V-Sync. Ukiiacha na monita yako ni ya 60 Hz, utasoma 60 huku na 60 kule na hutakuwa umejua lolote.

Katika mashine tunazoletewa kwa ajili ya "kuongezwa prosesa", nyingi hazihitaji prosesa. Zinahitaji kadi, RAM ya pili, SSD, au kusafishwa tu.

Inaanza vizuri, lakini baada ya dakika ishirini fremu zinaanguka. Hiyo nayo?

Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa Intel nyingi za zama hizi ni kama nyuzi joto 100, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kisumu mchana hewa ya chumbani tu iko juu ya 30, na kompyuta haiwezi kupoa kuliko hewa inayoivuta. Mwenzako wa Nakuru mwenye mashine kama yako anapata nafuu kubwa bila kufanya chochote.

Fungua kifuniko uangalie mapezi ya kipoza chini ya feni. Kwenye mashine za huku karibu na ziwa, hasa zinazowashwa usiku dirisha likiwa wazi, hatukuti vumbi peke yake. Tunakuta wadudu wa ziwani waliofuata taa, wamekauka na kushikamana na vumbi hadi wakawa tabaka zito, na feni inazunguka kwa nguvu juu ya mapezi yasiyopitisha hewa. Litoe lote kwa brashi laini na blowa, ukiishika feni kwa kidole isizungushwe na upepo. Kisha ng'oa kipoza, futa ile pesti ya zamani (krimu ya kupitisha joto) iliyokauka kwa spiriti ya duka la dawa, weka mpya kiasi cha kunde moja katikati. Joto likishuka na fremu zikatulia, umeokoa bei ya prosesa.

Nina OptiPlex au EliteDesk yenye i5 ya kizazi cha 3 au cha 4. Niweke ipi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Kwenye soketi (mahali prosesa inapokaa) ya LGA1155 (OptiPlex 7010 ya zamani, kwa mfano) mwisho wa maana ni i7-3770. Kwenye LGA1150 (OptiPlex 9020, EliteDesk 800 G1) ni i7-4770 au i7-4790. Hakuna kizazi cha 5 wala cha 6 kitakachokaa kwenye OptiPlex hizo, hata muuzaji akuapie.

Utakachopata ni nyuzi. i5-3470 na i5-4570 zina viini 4 na nyuzi 4. Hizo i7 zina viini 4 na nyuzi 8. Gemu za zama za GTA V, ambayo kwa PC ilitoka 2015 na ilipendekeza i5-3470 hiyohiyo, hazitakuonyesha tofauti kubwa. Tofauti utaiona kwenye gemu mpya zinazogawanya kazi, na utaiona zaidi katika kukwama kuliko katika namba ya wastani. i5 inaweza kukupa wastani mzuri lakini kila ukigeuka ghafla picha inaganda kidogo, kwa sababu nyuzi zote 4 zimejaa na Windows yenyewe haina pa kufanyia kazi. Nyuzi 8 huondoa sehemu kubwa ya kero hiyo.

Uzuri mwingine ni kwamba umeme haubadiliki. i5-3470 na i7-3770 zote ni za wati 77. i5-4570 na i7-4790 zote ni za 84. Kipoza kilichokuja na mashine kinatosha, mradi ni kisafi.

Kama uko kwenye kizazi cha 3, tungekuambia fikiri mara mbili. Prosesa hizo hazina maagizo ya AVX2, ambayo i5 na i7 za kizazi cha 4 zinayo, na kuna gemu mpya zinazokataa kufunguka bila hayo. i7-3770 haitakusaidia hapo, kwa sababu shida si kasi.

Unapotafuta habari za "OptiPlex 7010" mtandaoni uwe macho: Dell waliitumia tena namba hiyo kwa mashine ya 2023. Orodha ya prosesa ya hiyo mpya haikuhusu kabisa.

Mashine yangu ina soketi 1151. Naweza kuweka i7-8700?

Inategemea bodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa. Intel walitumia jina la LGA1151 kwa familia mbili zisizopatana. Bodi za mfululizo wa 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na cha 7. Mfululizo wa 300 ni wa cha 8 na cha 9. i7-8700 itaingia kwenye OptiPlex 7050 au EliteDesk 800 G3 bila kusukumwa, itakaa sawasawa, na mashine haitawaka. Huko mwisho wako ni i7-7700, viini 4 na nyuzi 8. Kwenye EliteDesk 800 G4 au OptiPlex 7060 ndiko i7-8700 yenye viini 6 na nyuzi 12 ina nafasi yake.

Usikisie. Pakua CPU-Z, ifungue, uone jina la prosesa kwenye ukurasa wa kwanza na jina la bodi pamoja na tarehe ya BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) kwenye ule wa Mainboard. Piga picha kurasa hizo mbili kabla hujampigia fundi yeyote. Mtu akisema tu "niko na Core i5", tunamrudisha akapige picha, kwa sababu jina hilo limekuwepo tangu 2009.

Je, Xeon? Naona ni rahisi kuliko i7.

Xeon ni prosesa za Intel za seva. Kwenye soketi ya 1150, Xeon E3-1231 v3 ni i7 kwa kila hali ya gemu: viini 4, nyuzi 8, hadi 3.8 GHz. Kilichopunguzwa ni grafiki za ndani. Kadi yako ikifa usiku, hutaona hata herufi moja kwenye monita hadi upate kadi nyingine. Za E3 v3 ambazo namba yake inaishia na 5, kama 1245 v3, zinazo grafiki. Hakikisha tu kwamba kuna mtu mwenye bodi kama yako ameiweka ikawaka, maana si kila bodi ya ofisi inaikubali.

Na zile bodi za Kichina za X99 zenye Xeon ya viini 12?

Viini 12 vinavutia macho kwenye tangazo. Soma mstari wa chini: E5-2670 v3 inaanza na 2.3 GHz na ikijikaza inafika 3.1. Kwa kazi ya kuunganisha video ni chombo kizuri. Kwa gemu, ambayo tumesema inategemea kiini kimoja chenye kasi, i7-4790 inayofika 4.0 GHz itaipita mara nyingi ikiwa na theluthi ya viini vyake. Tena umenunua bodi isiyo na mtu wa kumrudishia ikikataa.

Nina Ryzen 5 1600 kwenye bodi ya A320 au B350. Niuze nianze upya?

Usiuze. Wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote kwenye ukurasa huu. Soketi ya AM4 imebeba Ryzen za 2017 hadi za mfululizo wa 5000, na tangu 2022 AMD waliruhusu hata bodi za A320, B350 na X370 zipate BIOS ya kuzipokea. Ryzen 5 5600, viini 6 na nyuzi 12, wati 65, inakaa kwenye bodi uliyonayo na RAM ya DDR4 uliyonayo. Ni kuruka vizazi vitatu kwa kubadilisha kipande kimoja.

Majina yanafanana, kwa hiyo angalia kashe, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. 5600 ina MB 32 za kashe ya L3. 5500 na 5600G zina 16, na gemu zinaihisi tofauti hiyo. 5600G ina grafiki za ndani, basi ina maana kwa asiye na kadi. Kwa mwenye kadi, 5600 ya kawaida ndiyo jibu. Zipo pia 5700X3D na 5800X3D zenye MB 96 kwa ajili ya gemu hasa. Ni tamu, lakini mwenye kadi ya GTX 1650 akiinunua X3D amenunua kasi ambayo kadi haitamwonyesha.

Kung'oa kipoza cha AM4 kuna hila yake. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na soketi haiishiki kwa nguvu. Ukikivuta kipoza kikiwa baridi, pesti iliyokauka itainyofoa prosesa pamoja nacho, pini zikipinda hewani. Cheza gemu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha kizungushe kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie ndipo ukiinue.

BIOS lazima isasishwe? Naogopa stima ipotee katikati.

Unaogopa kitu cha kweli. Stima ikipotea wakati BIOS inaandikwa, bodi inaweza isiwake tena mpaka chipu yake iandikwe upya kwa kifaa maalum. Kwa hiyo usifanye kazi hiyo jioni mvua inanyesha na taa zinapepesa. Azima UPS, hata ndogo, uijaze chaji, na uchomeke kompyuta na monita tu. Zoezi lenyewe ni la dakika chache. Kwa mtu wa nje ya mji asiye na UPS, kuileta bodi kwa fundi ni rahisi kuliko kuizika.

Fanya hivyo prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Hili ndilo watu wanakosea zaidi kwenye Ryzen: wanaondoa 1600, wanaweka 5600, skrini nyeusi, wanadhani wameuziwa kitu kibovu. Bodi haijui tu ni nini kimewekwa. Kwenye Intel ni vivyo hivyo kwa i7-4790, iliyotoka 2014. Bodi yenye BIOS ya 2013 huenda isiitambue.

Pawasaplai yangu itatosha?

Kwa prosesa, karibu kila mara ndiyo, kwa sababu wati ni zilezile. Kadi ndiyo inayoleta maneno. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawasaplai ya wati 290. GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, inayokula hadi 75 kutoka kwenye nafasi yake, inaishi humo salama. RX 580 inayokula 185 usiifikirie. Na huwezi kuingiza pawasaplai ya kawaida hivihivi, kwani bodi hiyo inatumia plagi ya pini 8 mahali ambapo nyingine zina 24. Utahitaji waya wa kubadilisha.

Nikinunua prosesa ya mitumba, niangalie nini?

Soma maandishi kwenye kifuniko chake cha chuma. Yakisema "Intel Confidential" badala ya jina la modeli, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, na bodi yako ya Dell au HP ina sababu zote za kuikataa. Geuza upande wa chini. Kwa Intel tazama kama kuna vipande vya dhahabu vilivyochubuka au kona iliyomeguka, na kwenye soketi ya bodi mulika tochi ya simu kwa pembeni uone kama pini zote zimelala mstari mmoja. Kwa Ryzen ya AM4 tazama pini za prosesa kwa mtindo huohuo.

Ikiwa muuzaji yuko hapa mjini, iwake mbele yako na CPU-Z isome jina. Ikiwa inatoka Nairobi kama pasali kwa basi, elewaneni kabla ya kutuma M-Pesa kwamba una siku kadhaa za kuijaribu, na mwambie aifunge ndani ya kiboksi kigumu. Prosesa iliyofungwa kwa gazeti na selotepu imeshafika kwetu, na haikuwaka. Prosesa zenyewe hufa kwa nadra sana kwa uzee. Huuawa na mikono na usafiri.

Kijana wangu anasema bila i7 hawezi kucheza FC. Ananidanganya?

Hapana, mama, ila huenda hajapima. EA Sports FC 25 inaanzia i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya GB 8, na kadi kama GTX 1050 Ti. Kompyuta ya ofisi yenye i5 ya kizazi cha 6 iko karibu sana na hapo kwa upande wa prosesa. Kinachokosekana mara nyingi ni kadi ya grafiki. Mwambie akuonyeshe jina la kadi iliyomo. Akikuonyesha "Intel HD Graphics", pesa ya i7 iende kwenye kadi. Kama kompyuta ni ile nyembamba, kadi iwe ya kimo kifupi, vinginevyo kifuniko hakitafungika.

Nina den (chumba cha gemu za kulipia) Kondele, kompyuta sita za i5-4570. Nibadilishe zote?

Badilisha moja kwanza. Iweke pembeni mwa nyingine isiyoguswa, wateja wacheze gemu zilezile kwa wiki, uone kama kuna anayegombania kiti. Wakati huo weka kikomo cha fremu 60 kwenye mashine zote kama monita ni za 60 Hz. Prosesa itapumzika, chumba kitapoa kidogo, na tokeni za stima zitakaa zaidi.

Windows 11 je?

Microsoft wanaikubali kuanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen 2000, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha kompyuta. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayenunua i7-4790 leo ajue ananunua miaka ya mwisho ya mashine yake. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwa njia za mkato, nayo inawaka, lakini gemu ya Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, na hapo njia ya mkato inaishia.

Nikibadilisha prosesa nitaweka Windows upya?

Bodi ikiwa ileile, hapana. Kwenye Ryzen, ukiwasha mara ya kwanza utaona maandishi kuhusu fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa) yakikutaka ubonyeze Y au N. Usibonyeze Y kabla ya kujua kama diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Kama imefungwa na huna ufunguo wa kuirudisha, mafaili yako yamebaki ndani. Angalia hilo, uuandike ufunguo huo kwenye karatasi, kabla hata ya kufungua kifuniko.

RAM yangu ni GB 8 kwenye kipande kimoja. Inahusu?

Sana. Vipande viwili hufanya kazi sambamba na kuilisha prosesa kwa upana mara mbili. Ongeza cha pili kinachofanana kabla ya kugusa prosesa.

Ni wakati gani niache kabisa kuiongezea mashine hii?

Piga hesabu hii kwa bei za wiki hii. Uliza mashine yako ilivyo ingeuzwa ngapi, jumlisha pesa uliyotenga kwa i7, pesti na nauli ya fundi. Kisha uliza bei ya OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500. Hiyo ina viini 6, inakubali Windows 11, na kadi yako itahamia humo ikiwa kimo na nguvu ya pawasaplai vinaruhusu. Pengo likiwa dogo, hama. Likiwa kubwa, weka i7, cheza, na uanze kuweka akiba ya kitu kama i3-12100F na bodi yake ya DDR4. Ni i3 kwa jina, viini 4 na nyuzi 8, lakini kwa kila kiini inaiacha i7-4790 mbali sana. Haina grafiki za ndani, kwa hiyo kadi yako ya sasa usiiuze.